Kishada cha Bega la Kushoto

Pasi ilikuwa imeshanyanyuliwa, mvuke ukiitoka kwa hasira, pale Shangazi alipoona kwamba kishada kimoja cha koti kinatikisika peke yake.

Mkono ukamganda hewani. Upepo haukuwepo. Dirisha la chumba cha pasi alikuwa amelifunga mwenyewe, maana koti lilikuwa jeupe na vumbi la barabarani halina adabu. Koti lilining'inia kwenye hanga mbele yake, vishada vya dhahabu vimejipanga ukingoni mwa bega la kushoto kama meno ya kitana, vyote vimetulia tuli. Kimoja tu ndicho kilichojigeuza kidogo, kama mtu anayebadili ubavu usingizini.

Shangazi akairudisha pasi kwenye kitako chake, akaishusha miwani kutoka kipajini, akainama.

Hakikuwa kishada. Kilikuwa kifuko kidogo, hakizidi kiungo cha kidole, kimejishikiza kwa uzi mweusi katikati ya vishada. Kilikuwa na nukta za dhahabu zilizong'aa sawasawa na nyuzi za koti, na ndiyo maana macho yake yalikuwa yamekipita. Ganda lake lilikuwa limegeuka kama kioo, na ndani, imekunjwa kama shati la msafiri, ilionekana rangi ya chungwa yenye kingo nyeusi.

"Chiriku!" akaita, akajisahau kwamba mbele ya kifuko kile hakupaswa hata kukohoa. "Chiriku, njoo! Usikimbie! Kimbia!"

Chiriku alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Jina hilo walimpa kwa utani tangu mdogo, kwa sababu alikuwa mtoto asiyesema. Sasa alikuwa msichana mkubwa, amemaliza chuo alikosomea mimea na wadudu, na bado maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyaanika kwenye kamba moja na nafasi ikabaki. Alikuja mbio kutoka paani, vibanio vya nguo vimemjaa mkononi. Alipoona kidole cha shangazi yake kinaelekea wapi, vibanio vyote vikamwagika sakafuni.

"Shangazi, usikiguse."

"Nikiguse nina wazimu? Hata pumzi nimeizuia."

"Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Yule mkubwa. Yule aliyebaki." Chiriku alijifunika mdomo kwa viganja viwili. "Tulimtafuta kila mahali, kumbe amehamia kwenye koti!"

Shangazi akaishika meza kwa furaha. Maana kama kulikuwa na mtu aliyemhitaji mdudu yule kuliko Chiriku, basi ni yeye.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Kando yake palikuwa pakiota magugu ya maziwa, yale ambayo ukivunja jani linatoka utomvu mweupe. Hakuna aliyeyapanda, hakuna aliyeyajali, mpaka siku tingatinga lilipokuja kupanua barabara. Chiriku akatoka mbio mbele ya tingatinga, akachuma maganda yaliyokauka, yenye mbegu zilizovaa nywele laini kama pamba, akazipanda kwenye ndoo tupu za sabuni juu ya paa wanakoanika nguo. Alisema kuna kipepeo ambaye hatagi mayai penginepo, na watoto wake hawali kingine. Gugu likiondoka, naye ameondoka. Akasema pia kwamba maua yake huwalisha nyuki. Hilo hawakulitilia maanani, mpaka fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye maboga yake ya kibarazani yalikuwa yakiangusha maua kila mwaka bila kuzaa, alipopanda ngazi na boga mikononi akilia kwa kicheko.

Mama yake Chiriku, mwenye udobi, hakulainishwa na boga.

"Wifi," alimwambia Shangazi, "nguo za watu na gugu la utomvu kwenye paa moja? Hao ni chui na mbuzi. Utomvu ule ukikauka kwenye shuka, hata wewe na mikono yako hulitoi doa."

"Ni vindoo tu, wifi."

"Leo vindoo. Kesho utaniambia nianike nguo kwenye matawi."

Hata hivyo alivumilia. Magugu yakakua, vipepeo wawili watatu wakaja wakitua na kuondoka, na Chiriku akawa anaamka na kwenda paani kabla hajanawa uso. Hapo ndipo Shangazi alipofanya lile ambalo mpaka leo likimjia akiwa anapiga pasi, huunguza kola ya mtu.

Aliona uchafu. Huo ndio ukweli. Mtu aliyeishi kwa kufua nguo za wenzake huwa haoni kitu kingine. Aliona vidukari vya manjano vimejazana kwenye mashina, akaona vidoti vyeupe kama chembe za chumvi chini ya majani, akaona viwavi wadogo wenye mistari kama soksi za mtoto wa shule. Akasema moyoni, maskini mtoto wangu, bustani yake imeingiliwa. Akachanganya sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, akachukua sifongo, akayasugua majani yote, juu na chini, moja moja, kama anavyosugua kola. Alipomaliza yakang'aa. Akamwita Chiriku aje aone.

Vile vidoti vilikuwa mayai, na wale wenye soksi ndio waliokuwa wakingojewa.

Chiriku aliangalia ndoo moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Asante, Shangazi," akaenda kusimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, na mashuka yakawa yanatetemeka bila upepo. Afadhali angepiga kelele. Ile asante ilimkaa Shangazi kooni kama mfupa.

Kiwavi mmoja tu, mnene, aliyekuwa amejibanza chini ya ukingo wa ndoo, ndiye aliyenusurika. Kesho yake naye akatoweka. Chiriku alieleza kwamba kiwavi akishiba hulihama gugu lake, akatafute mahali pa kujitundika na kugeuka. Basi Shangazi akatafuta. Alipekua kamba, vikapu, mifereji ya paa, hata ndani ya viatu vilivyoanikwa. Kitu kimoja tu hakikuguswa: koti la mteja wao wa bendi, Bwana Tarumbeta, lililotundikwa kivulini chini ya ukingo wa paa, hatua chache kutoka kwenye ndoo, limefunikwa shuka lisipate vumbi. Wifi alikuwa ameapa kwamba atakayelifunua kabla ya siku yake, atamkunja pamoja na mataulo.

Halafu likaja lile la nguzo. Wifi alitaka nguzo mpya za kamba za kuanikia, na mahali alipopataka ndipo palipokuwa na ndoo. "Fundi anakuja Jumamosi mchana," alisema. "Chiriku, mimi si mtu mbaya. Nionyeshe kipepeo mmoja, mmoja tu, aliyezaliwa kwenye paa langu kabla fundi hajafika, na ndoo zitabaki. Nisipomwona, zinashuka, na magugu yanarudi mferejini."

Mferejini sasa kulikuwa na lami. Na leo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

"Atatoka lini?" Shangazi alinong'ona.

"Ganda likiwa kioo namna hii? Leo, Shangazi. Asubuhi hii hii."

"Tukikate hicho kiuzi, tukitundike kwenye ndoo?"

Chiriku akatikisa kichwa kwa nguvu. "Akidondoka saa hii, mbawa zitakauka zimepinda. Hataruka kamwe."

Ngazi za chini zikaleta sauti. "Wifiii! Bwana Tarumbeta amefika! Koti!"

Shangazi na Chiriku wakatazamana.

"Linapoa!" Shangazi akajibu.

"Linapoa nini? Mbona sijasikia harufu ya pasi?"

"Nimepiga kwa mvuke! Mvuke hauna harufu!"

Wifi alikuwa ameolewa katika ukoo huu miaka mingi, na alijua sauti ya wifi yake inayotia chumvi. Kandambili zake zikaanza kupanda ngazi, pa, pa, pa. Akasimama mlangoni, akatazama koti, akatazama nyuso zao, akasogea. Chiriku akaonyesha kwa kidole bila kusema. Wifi akainama, akaangalia.

"Kwenye koti la mteja," akasema.

"Wifi, si ulisema mwenyewe? Amezaliwa kwenye paa lako."

"Hajazaliwa. Hilo ni ganda."

"Basi tumsubiri."

"Tumsubiri!" Wifi akashika kiuno. "Wifi, tangu nishike udobi huu, neno 'subiri' halijawahi kunitoka mbele ya mteja. Kaka yako alikuwa kitandani hajiwezi, na nguo za watu zilitoka kwa wakati. Wewe ndiye uliyezipiga pasi, machozi yakidondoka juu ya meza. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi."

"Mama," Chiriku akasema, sauti nyembamba kama uzi wa sindano. "Kuna jambo jingine."

"Lipi tena?"

"Akitoka hudondosha tone. La rangi nyekundu."

"Hulidondosha wapi?"

"Chini yake."

Wote watatu wakateremsha macho. Chini ya kile kifuko kulikuwa na mkono wa koti, mweupe kuliko maziwa, ulioloweshwa na kusuuzwa na Shangazi mwenyewe mpaka vidole vikajikunja.

Wifi alifumba macho. Na kabla hajayafumbua, ngazi zikaanza tena, safari hii kwa viatu vya ngozi vilivyopanda kwa mapigo, moja na mbili, moja na mbili. Kiongozi wa bendi ya matarumbeta hakuwa mtu wa kusubiri chini. Akaingia na suruali yake nyeupe na fulana ya ndani, kofia kwapani, tayari kulivaa koti hapo hapo.

"Mabibi, habari za asubuhi. Bendi nzima iko kwenye gari. Maktaba mpya inafunguliwa leo, na sisi ndio wa kuifungua. Koti langu lile pale, naliona, asanteni."

Alinyoosha mkono. Chiriku alifungua mdomo. Midomo ikatetemeka, hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Macho yakamjaa maji. Shangazi akajiandaa kusema lolote litakalomjia, hata uongo wa pili. Hakuwahi.

"Subiri," wifi akasema.

Neno lilimtoka kama jino. Shangazi alimgeukia, hakuamini masikio yake.

"Nisubiri?" Mkono wa Bwana Tarumbeta ulibaki hewani. "Kwako wewe?"

"Kwangu mimi. Mwanangu ana mgeni begani mwako, na hajamaliza kuvaa."

Bwana Tarumbeta akasogea, akainama, mashavu yake makubwa yakaja karibu na kile kifuko. Kifuko kikajitikisa. Akaruka nyuma kama aliyepigwa na umeme.

"Kuna kiumbe kwenye bega langu!"

"Kipepeo," Shangazi akasema. "Yuko njiani. Akitoka, ndoo za mtoto huyu zinabaki. Asipotoka, zinaondoka. Wewe ndiye hakimu, baba. Ukilivaa sasa umetoa hukumu."

Bwana Tarumbeta akaangalia saa, akamwangalia Chiriku, akaangalia bega lake. "Nampa muda wa wimbo mmoja."

"Mrefu au mfupi?" Shangazi akauliza.

"Wa kati."

Akaanza kuuimba kwa pua, polepole, kidole cha shahada kikipanda na kushuka. Shangazi akakinga kiganja chake chini ya kifuko, karibu sana na koti lakini bila kuligusa. Pumzi moja tu ingetosha kukisukuma kitambaa kikamgonga. Kiganja cha mpiga pasi hakitetemeki. Wimbo ukafika ubeti wa pili. Bega la Shangazi likaanza kuwaka. Kutoka barabarani gari la bendi likapiga honi.

"Waache," Bwana Tarumbeta akasema bila kugeuka. "Wanapiga nje ya mapigo."

Na hapo ganda likaachia, kama mshono uliochoka.

Ilitokea miguu, myembamba, myeusi, ikitafuta pa kushika, kisha kichwa, kisha mwili mnene uliolowa ukateleza nje na kuning'inia kwenye ganda lake tupu. Bwana Tarumbeta aliacha kuimba katikati ya noti. Lakini mbawa! Zilikuwa vipande viwili vya matambara, vidogo, vimekunjamana, kama leso iliyosahauliwa mfukoni na kupita kwenye mashine.

"Ameharibika," wifi akasema, na Shangazi akasikia huzuni ya kweli katika sauti ile. "Maskini. Ameharibika."

"Hapana, mama! Ngoja. Tazama tumbo lake. Kuna maji ndani ya tumbo, anayasukuma kwenye mishipa ya mbawa, angalia, anasukuma, angalia pale ukingoni!"

Shangazi aliangalia. Mkunjo wa kwanza ukafunguka. Ukafuata wa pili. Mbawa zikateremka taratibu, zikinyooka kutoka juu kwenda chini, rangi ya chungwa ikitandazwa, kingo nyeusi zikijipanga, madoa meupe yakichomoza moja moja. Maisha yake yote alikuwa akiondoa mikunjo kwenye vitu vya watu, kwa moto, kwa maji, kwa nguvu za mabega. Hakuwahi kuona kitu kikinyooka kwa ndani.

"Anajipiga pasi mwenyewe!" akapiga ukelele. "Wifi! Anajipiga pasi mwenyewe!"

"Sukuma!" Bwana Tarumbeta akaanza kuongoza kwa mikono miwili. "Na moja, na mbili, sukuma! Usikimbilie mwisho! Sukuma!"

Wifi alikuwa amemshika Chiriku mkono, hajui kama amemshika, akicheka na kufuta uso kwa upindo wa kanga. Na katikati ya makelele yote yale, tone likaanguka. Zito, rangi ya kutu. Likatua katikati ya kiganja cha Shangazi, pap, na mkono wa koti ukabaki mweupe kama ulivyokuwa.

"Nimelidaka!"

Bwana Tarumbeta akapiga makofi, akakumbuka, akayazima makofi kifuani.

Ilibaki kumhamisha, na hapo Chiriku hakutetemeka. Alipeleka kidole chake mbele ya ile miguu myeusi, akangoja. Kipepeo akakipapasa, akapanda, mguu baada ya mguu. Chiriku akatoka naye hadi paani akitembea kama mtu aliyebeba beseni lililojaa hadi ukingoni, akamwegesha kwenye tawi la gugu la maziwa lililokuwa na maua.

Shangazi akakimbilia pasi kwa mkono mmoja. Alinyoosha bega la kulia, mikono na mgongo, haraka kuliko alivyowahi kufanya, akaliacha bega la kushoto lilivyo.

"Nilitoe hilo ganda?" akauliza.

"Usithubutu." Bwana Tarumbeta akalivaa koti, akajitazama kwenye kioo cha mlango. Ganda tupu lilimetameta katikati ya vishada. "Wengine wana nishani. Mimi nina hii."

"Utusamehe kwa kukuchelewesha," wifi akasema, amerudi kuwa mwenye duka.

"Mama, mwezi ujao naleta makoti ya bendi nzima. Myatundike pale pale." Akateremka ngazi, moja na mbili, akipiga kelele kwa watu wake kabla hajafika chini.

Wifi alibaki amesimama kwenye mlango wa paa. Chiriku alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo, na alikuwa akisema, akisema bila kituo, sijui akimwambia nani, kwamba ni jike, kwamba mistari ya mbawa ndiyo inayoonyesha, kwamba jike hurudi kutaga, kwamba ndoo hazitoshi.

"Wifi," mama mtu akasema polepole, "fundi akija, mwambie nguzo zitasimama upande wa tangi la maji."

"Nitamwambia."

"Na utomvu ukigusa shuka langu hata moja..."

"Hautagusa, mama," Chiriku akaitikia kutoka kule chini alikochuchumaa. "Utomvu hautoki mpaka jani likatwe. Nilishakuambia."

"Lini?"

"Nilikuambia kwa sauti ndogo."

Wifi akatikisa kichwa, akashuka, kandambili pa, pa, pa, akijisemea kwamba nyumba ile itamuua siku moja kwa vituko. Shangazi akasogea karibu na ndoo. Kiganja chake kilikuwa bado kimekunjuka, tone limekauka katikati.

"Mwanangu. Wale wengine. Siku ile ya sabuni."

Chiriku akainuka, akakishika kile kiganja, akakiangalia kwa karibu kama aangaliavyo majani yake. "Usinawe kwanza, Shangazi."

"Sinawi." Akayainamia majani. "Nikiona tena vidoti vyeupe?"

"Unaniita."

"Na nikiona vidukari?"

"Unaniita."

"Na sabuni?"

"Sabuni inabaki chini," Chiriku akasema, akacheka, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake.

Jua lilipofika utosini, fundi akiwa tayari anapima upande wa tangi, Shangazi alitoka kwenda paani kunyunyizia maji mashuka makavu kabla ya kuyapiga pasi. Kwa mbali, kutoka upande wa maktaba, ngoma kubwa ya bendi ilikuwa inadunda. Kipepeo akafungua mbawa mara moja, mara mbili. Akajitupa hewani. Akayumba juu ya kamba, akapita katikati ya mashuka mawili, akazunguka tangi, fundi akamfuata kwa macho na futi yake ikajikunja yenyewe, kisha akarudi, akatua kwenye ua la ndoo ya mwisho, palipokuwa na vidukari wapya, wengi, wa manjano, wamejazana kwenye shina.

Shangazi aliwaona. Akaichukua chupa yake ya kunyunyizia, akaificha nyuma ya mgongo, mkono wake wa kulia usije ukajisahau, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa fundi cherehani chini:

"Chirikuuu!"